Tamaa Hutangulia Macho

Wageni wengi wanaokwenda Ziwa Nakuru hufika wakiwa wamekwisha kuliona. Wamelibeba kichwani tangu nyumbani: ufuo wa rangi ya waridi, flamingo maelfu kwa maelfu, vilima kwa nyuma. Wakifika wanakuta ziwa jingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yamekuwa yakipanda, na eneo la ziwa limetoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini, mikavu, haina jani. Maji matamu yamezimua magadi, mwani unaoliwa na flamingo umepungua, na wengi wa ndege hao wamehamia Bogoria na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Basi mgeni anazunguka na gari asubuhi nzima. Anawapita mwari wanaoelea kwa makundi, anampita furukombe aliyetua juu ya mgunga uliokufa, anampita faru, na akitoka langoni anasema hakuna kitu.

Kauli hiyo imenishughulisha sana, kwa sababu siisikii Nakuru peke yake. Kijana wa Kondele huisema juu ya mtaa wake. Mtu aliyerudi Siaya kwa likizo ya Desemba huisema juu ya kijiji kilichomlea. Mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi huisema kimoyomoyo wanapotazamana mezani. Hakuna hata mmoja wao aliye kipofu. Kilichowaziba macho ni kile walichokuja wakikitaka.

Tumezoea kudhani kwamba mambo huenda kwa mpangilio huu: mtu huona kitu, hukipima, kisha akakitamani. Baruch Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17, aliugeuza mpangilio huo juu chini. Alisema hatukitaki kitu kwa kuwa tumekwisha kukipima tukakiona chema. Twakiita chema kwa kuwa tayari twakitaka. Tamaa hutangulia, macho hufuata, na akili huja mwisho kutafuta sababu. Ukikubali hivyo, kuuona ulimwengu upya hakuwezi kuwa suala la kusafiri mbali au kuamka mapema kutazama mawio. Ni suala la kujua nani alikutangulia kufika pale ulipo, wewe au tamaa yako.

Sijui mahali panapofaa kulijaribu wazo hili kuliko Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria. Ziwa lile limetazamwa kwa tamaa za kila aina, na kila tamaa imeacha alama yake majini.

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika ufuo wa kusini, upande wa Mwanza. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, akaona chanzo cha mto Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake. Waliokuwa wakiishi upande wetu walikwisha kuliita Nam Lolwe na walikuwa na shughuli nalo ambazo hazikuhusu Misri hata kidogo. Mwaka 1901 reli iliyoanzia Mombasa ikafika ghubani, na kituo, ambacho leo ndicho Kisumu, kikaitwa Port Florence. Kwa wajenzi wa reli, ziwa lilikuwa mahali ambapo chuma kinaishia na meli inaanzia, njia ya kwenda Uganda. Walichokiona kilikuwa kweli. Njia ilikuwapo. Lakini ilikuwa sehemu ndogo sana ya kile kilichokuwa mbele yao, na kwa kuwa wao ndio waliokuwa na mamlaka, sehemu hiyo ndogo ikawa ndiyo ramani.

Hadithi ya mbuta, samaki ambaye wengine humwita sangara, ndiyo inayonigusa zaidi. Katika miaka ya 1950 watawala wa kikoloni walitazama ziwa wakaona upungufu. Ngege, samaki wa asili wa jamii ya perege, walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Waliobaki kwa wingi walikuwa fulu, samaki wadogo wenye miiba mingi, wa mamia ya aina, ambao hawakuwa na thamani sokoni kwa hesabu ya wakubwa wale. Wazo likawa jepesi: mlete samaki mkubwa awale hawa wadogo, ageuze kisichotakiwa kuwa nyama inayotakiwa. Baadhi ya wanasayansi walipinga. Mbuta akatiwa majini hata hivyo. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na athari kubwa, kisha katika miaka ya 1980 akafurika ziwa zima. Aina nyingi sana za fulu, pengine 200 au zaidi kwa makadirio ya wataalamu, zilitoweka au zikawa haba kiasi cha kutoonekana. Ni mojawapo ya maafa makubwa zaidi ya wanyama wenye uti wa mgongo ambayo binadamu wa zama hizi ameyashuhudia, na yalitokea hapa kwetu, mbele ya nyumba za watu.

Fulu hakuwa takataka kwa aliyekuwa akimla. Alianikwa juani, akakauka, akahifadhiwa hadi siku ya ukame wa mfuko. Mbuta ana mafuta mengi na mwili mkubwa, haanikiki hivyo. Anataka moshi, na moshi unataka kuni, na kuni zikatoka kwenye miti ya vilima vya kando ya ziwa. Baadaye viwanda vikaja, minofu ikapakiwa kwenye barafu kwenda Ulaya, na sisi wa Kisumu tukabaki na mgongo wazi. Nenda Obunga utaiona biashara hiyo: vichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kuondolewa, vikikaangwa na akina mama na kuuzwa kwa wale wasioweza kununua samaki mzima. Sisemi mbuta hakuleta kitu. Alileta pesa, alisomesha watoto, alijenga nyumba za bati kuanzia Usenge hadi Mbita. Nasema tu kwamba aliyemleta alitazama ziwa lenye mamia ya viumbe akaona nafasi tupu, na nafasi hiyo tupu haikuwa ndani ya maji.

Gugu maji nalo lina asili inayofanana na hii, ingawa watu wengi hawaijui. Mmea ule wa Amerika ya Kusini haukusambaa duniani kwa uovu wa mtu yeyote. Ulisambazwa na watu waliolipenda ua lake la zambarau, wakalitaka kwenye mabwawa ya bustani zao. Walipenda ua, hawakuuliza mmea. Kufikia miaka ya 1990 ghuba ya Winam ilikuwa imefunikwa kiasi kwamba mashua zilikwama na mvuvi aliweza kuona gati asifike. Wadudu waliletwa kuupunguza, na ulipungua, lakini haujaondoka.

Msomaji anaweza kusema hapa kwamba dawa basi ni kuiua tamaa. Ushauri huo ni wa kale na una wenyewe wakubwa. Buddha alifundisha kwamba mateso hutoka katika kiu ya kutaka. Epiktetosi, aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Roma, alifundisha kwamba mtu huru ni yule asiyetaka yaliyo nje ya uwezo wake. Nawaheshimu wote wawili. Lakini ushauri huo ukishafika kwetu hugeuka kitu kingine. Husemwa mazishini na mtu aliyeshuka kutoka gari kubwa, akiwaambia waliokuja kwa miguu waridhike na kidogo walicho nacho. Husemwa na mwenye mshahara kwa asiye nao. Mtu anayelala njaa Nyalenda akiambiwa apunguze tamaa hajafundishwa falsafa yoyote, amenyamazishwa.

Huyu ndiye mtu aliyemshughulisha Henry Odera Oruka, na naona ajabu kwamba tunamtaja mara chache hivi. Alizaliwa Ugenya mwaka 1944, akafundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Wengi wanaomjua wanamjua kwa kazi yake ya kuwaendea wazee vijijini, wengi wao wa magharibi mwa Kenya, akiwahoji na kurekodi fikra zao ili kuonyesha kwamba Afrika ina watu wanaofikiri kwa uhuru hata kama hawakuingia darasani. Alikuwa mkali katika jambo moja: hakumhesabu kila mzee kuwa mwanafalsafa. Alimtofautisha mzee anayeijua mila na kuieleza vizuri na mzee anayeweza kusimama ndani ya mila yake, akaihoji, akasema hapa tumekosea na sababu ni hii. Huyo wa pili ndiye aliyemtafuta. Nadhani huyo wa pili ndiye mtu anayeona upya, na hakuhitaji kuhama boma lake ili aone.

Lakini Odera Oruka alisema jambo jingine ambalo nalihitaji hapa zaidi. Alidai kuwapo kwa kiwango cha chini cha ubinadamu ambacho kila mtu ana haki nacho: usalama wa mwili wake, afya, na riziki ya kumwezesha kuishi. Chini ya kiwango hicho, alisema, mtu hawezi kutenda kama mtu, wala hawezi kutimiza wajibu anaodaiwa na wengine. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mtu anatamani nini na kwa nini, kuna swali la kwanza: je, amesimama juu ya sakafu au anazama?

Kando ya ziwa tunajua kuzama huko kuna sura gani. Tunakuita jaboya. Mwanamke muuza samaki hana mashua, mvuvi ana samaki, na samaki hao hawauzwi kwa pesa peke yake, hulipiwa kwa mwili pia. Wapo wanaolizungumzia jambo hili kana kwamba ni habari ya tamaa za mwili. Kwa upande wa mvuvi, pengine. Kwa upande wa mwanamke hakuna tamaa pale. Kuna watoto nyumbani na ufuo wenye bei moja. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, wanawake wa ufuo wa Nduru, Kisumu, walianza kumiliki mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi. Hawakupunguza tamaa. Waliiongeza: walitaka chombo, jambo ambalo mwanamke wa ufuoni hakutarajiwa kulitaka. Na mtu akishakuwa na mashua, ufuo uleule huonekana tofauti. Mvuvi ni mfanyakazi wake, bei ni jambo la kujadiliwa, kesho ni kitu cha kupangwa. Hakuna mahubiri ambayo yangempa macho hayo.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa tangu vipimo vianze kuwekwa, maji yakaimeza Nduru, na wanawake hao wakaondolewa na mafuriko pamoja na majirani zao. Sakafu ya mtu inaweza kujengwa kwa miaka kumi na kuondoka kwa majuma machache. Ndiyo maana sitaki falsafa ya tamaa isiyotaja nyumba, dawa na chakula.

Juu ya sakafu hiyo kuna tamaa za namna nyingine, na hizo sina haja ya kuzitetea. Mfaransa René Girard alizieleza vizuri: twatamani kwa kuiga. Hatukitazami kitu, twamtazama anayekitaka. Simu mpya haikuwa na kasoro hadi jirani alipotoa ya kwake mfukoni. Kijana wa boda boda pale stendi huweka hela ya mafuta kwenye kamari kwa sababu amemwona mwenzake akishinda, wala hawaoni wale wanaopoteza kimya kimya. Mkopo wa simu unakuja kwa dakika moja, haukuachii hata usiku mmoja wa kujiuliza. Kuhusu yale majumba makubwa yaliyofungwa madirisha vijijini mwetu, yenye mwenyewe anayeishi chumba kimoja Nairobi, nasita kidogo. Kwa Mjaluo kujenga boma ni jambo la uhai na la kifo. Mtu hujenga pale atakapolazwa. Hiyo si tamaa ya kuazima. Ghorofa ya pili, ambayo hakuna atakayelala ndani yake, nadhani ndiyo.

Tuseme basi mtu amepata sakafu yake na amejifunza kuzitambua tamaa za kuazima. Je, sasa ataona? Hapa ndipo wengi wanaoandika juu ya maisha hukimbia, wakiahidi kwamba ukiondoa pazia ulimwengu utajionyesha wenyewe. Si kweli, na tuna ushahidi.

Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin alimwandikia mwanafalsafa John Locke swali. Mtu aliyezaliwa kipofu, anayejua kwa kugusa tofauti ya mchemraba na tufe, akifunguliwa macho ghafla, ataweza kusema kwa kutazama tu kipi ni kipi? Mabishano yalichukua zaidi ya karne tatu. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi na watoto nchini India, ambao walizaliwa na mtoto wa jicho au kasoro nyingine na wakatibiwa wakiwa wamekwisha kukua, walichapisha walichokipata. Mara tu baada ya upasuaji, watoto hao hawakuweza kulinganisha kitu walichokigusa na kile walichokiona. Macho yalikuwa yamefunguka, mwanga uliingia, lakini maana haikuingia nao. Siku chache baadaye walianza kuweza, kwa kutumia macho yao.

Nikifika Vihiga na kuona watu wanaosubiri huduma katika hospitali ya macho ya Sabatia, wengi wao wazee waliofungwa macho na mtoto wa jicho, huwaza juu ya matokeo hayo. Mzee aliyewahi kuona hurudishiwa ulimwengu anaoufahamu. Yule ambaye hakuwahi hupewa mwanga tu, halafu kazi inaanza. Sisi tunaotaka kuyaona maisha upya tunajidhania kuwa kundi la kwanza. Mimi nadhani tuko kundi la pili. Mambo mengi yaliyo karibu nasi hatujawahi kuyaona hata mara moja, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa. Kuna kujifunza, kwa mikono na kwa muda.

Na hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na Spinoza moja kwa moja, wala na wale wanaotaka tamaa iuawe. Nenda Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, palipo na mafunjo. Kuna ndege wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye wapenda ndege husafiri kutoka mbali kumtafuta. Mgeni mwenye darubini ya bei hukodoa macho muda mrefu asimwone. Mwenyeji anayekata mafunjo kwa ajili ya mikeka na paa humsikia kabla hajaketi vizuri ndani ya mtumbwi, na humwonyesha kwa kidole. Anajua mafunjo ya umri gani yanafaa mkeka, yapi yaachwe, na ndege wanakaa wapi wakati gani. Huyu hatazami bila tamaa. Anayataka mafunjo, yanamlisha. Kutaka kwake ndiko kulikompa macho.

Tofauti yake na mkoloni wa mbuta ni ipi basi? Haiko katika wingi wa tamaa wala katika wema wa moyo. Mkata mafunjo akikosea leo, mwakani hana mafunjo. Tamaa yake inalazimika kulala palepale inapofanya kazi, na kwa hiyo hurekebishwa kila msimu. Aliyeleta mbuta alikwenda zake. Aliyelipenda ua la gugu maji hakuwahi kukwama na mashua. Kamari hutuuzia ushindi bila siku inayofuata, na mkopo wa simu huitenga furaha ya kupokea na uchungu wa kulipa. Tamaa inayoishi na matokeo yake hujifunza kuona. Ile inayoyakimbia hubaki na picha yake ileile hata ikizunguka dunia nzima.

Wapo watakaosema hata wenyeji wameliharibu ziwa: nyavu za macho madogo, maji taka ya mji, uvuvi katika mazalia. Ni kweli, na sipendi kuwapamba wenyeji kwa sababu tu ni wenyeji. Lakini tazama lini mwenyeji huacha kuona. Uvuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili, miezi ya mvua, ili samaki wazaane. Mvuvi wa omena haelimishwi juu ya jambo hilo na mtu; anajua kuliko afisa anayekuja kulisoma tangazo. Hata hivyo wapo wanaowasha taa na kuingia ziwani usiku katikati ya marufuku. Anajua anachokula ni cha mwakani. Anakula kwa sababu mwakani ni mbali na karo ya muhula wa pili iko hapa.

Kwa mtu huyo, mafunzo zaidi ya uhifadhi hayana kazi. Ufungaji wa ziwa unapaswa kuja na chakula au malipo kwa miezi ile, kwa wavuvi na kwa wanawake wanaoanika omena, kama gharama ya kawaida ya kulitunza ziwa, iandikwe kwenye bajeti za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia. Vizimba vya samaki vinavyozidi kupandwa majini navyo viamuliwe kwanza na watu wa ufuo unaohusika, wenye mamlaka ya kukataa, kwa kuwa mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi upande wa Kisumu, maji yalipopungukiwa na oksijeni, walioishi na uvundo ule walikuwa wao. Odera Oruka angeviita vitu hivi haki. Mimi naviita pia masharti ya kuona, na naviomba kwa jina hilo kwa serikali za kaunti zinazopanga bajeti zao sasa.